Ukumbi wa Ng'ambo Tatu

Ukitaka Waridi wa Timbwani akukasirikie, huna haja ya kumtukana. Ingia kwake bila hodi, basi. Hata kama umemletea habari kwamba ameshinda gari, atakutoa nje, akufungie mlango, akungoje ubishe kama watu, kisha akwambie karibu kwa sauti tamu utadhani si yeye aliyekufukuza. Tabia hiyo aliirithi kwa mamake, Bi Mwanatatu, naye Bi Mwanatatu aliipata kwa wakubwa zake. Huko nyuma zaidi sijui, lakini naamini hata mapepo ya ukoo ule yalikuwa yakibisha hodi.

Kazi yake Waridi ni kupaka hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini. Maharusi wengi wa Timbwani na Likoni yote wamekaa mbele yake wamenyoosha mikono, na mkono wake hautetemeki hata bi harusi akilia. Akishakosha vidole, ana kazi ya pili ambayo majirani hawaielewi vizuri na mamake alikuwa haielewi kabisa. Anaendesha mchezo. Ni ule mchezo wa simu na kompyuta ambao watu huingia kwa wingi kupitia intaneti, kila mtu yuko kwao, wakajenga mji kwa matofali, wakashindana, wakataniana. Ili watu hao wakutane humo lazima iwepo kompyuta mahali fulani inayokaa macho saa zote kuwapokea, nayo ndiyo huitwa seva. Waridi alijifunza kuiunda kwa kutazama video huku akingoja hina za watu zikauke. Hina haiharakishwi, na mpakaji hana pa kwenda.

Humo mchezoni ndimo alimojuana na Mbeyu na Gedion. Mbeyu anauza nguo za watoto za mitumba kule Kisauni, na seva yake ilikuwa ya mbio za tuktuk, vilima na mashimo kama ya kweli. Gedion ni mtu wa bara, fundi wa magurudumu ya malori Changamwe, na yake ilikuwa vita vya malori: timu mbili zinapokonyana makontena mpaka moja inyooshe mikono. Watatu hawa walikuwa hawajaonana kwa macho, lakini walikuwa wakizungumza kwa simu karibu kila siku, wakisaidiana seva zilipogoma.

Shida yao ilikuwa moja. Mchezaji wa Waridi akichoka kujenga, alitoka akaenda zake kwenye seva za ughaibuni, harudi tena. Wa Mbeyu vivyo hivyo. Ndipo wakaamua kuungana. Pawe na anwani moja tu, mchezaji aingie ukumbi mmoja, na humo ukumbini achague: kujenga kwa Waridi, tuktuk kwa Mbeyu, malori kwa Gedion. Akichoka huku aende kule, lakini abaki nyumbani. Mtandao wenyewe wakauita Ng'ambo Tatu, kwa kuwa wote watatu wanaishi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Waridi huvuka kwa feri, Mbeyu kwa daraja, na Gedion kwa barabara iliyopitishwa juu ya maji. Kisiwa chenyewe hawakukijenga humo mchezoni. Mbeyu alisema watu wa kisiwani wana majivuno ya kutosha, wangoje kwanza nje.

Kazi ya kuunda seva ya ukumbi alipewa Waridi, na Gedion akatia sharti lake mapema.

"Madam, mimi sina maneno mengi," alisema. "Jumapili tukifungua ishike. Isiposhika, mimi narudi kwangu na wasee wangu. Siwezi fanya watu wangoje ngoje."

Hakuwa akitisha bure. Hao wasee, yaani wachezaji wake, walikuwa wengi kuliko wa wenzake wote wawili wakijumlishwa. Bila Gedion hapakuwa na Ng'ambo Tatu, palikuwa na wanawake wawili wanaotembeleana. Waridi alilijua hilo na lilimnyima raha. Alikuwa akiutaka mtandao huu kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu avunje ungo, kwa sababu kila harusi aliyoipamba aliondoka mlango wa nyuma na mkoba wake kabla ya ngoma kuanza. Safari hii shughuli ilikuwa yake mwenyewe, na alitaka kuwaona watu wamejaa.

Basi akaufanya ukumbi ule kama anavyojua ukumbi ulivyo. Nje aliweka baraza ndefu za mawe, mlango mkubwa wa nakshi, na daka la mgeni kusimama kivulini. Ndani alitandaza sakafu yenye maua ya hina, tofali kwa tofali, kazi iliyomchukua wiki nzima, maana ua la hina halina kona na matofali ni kona tupu. Kwa ndani zaidi, milango mitatu midogo ya kwendea seva tatu. Akaweka na sheria za ukumbi: hakuna kupigana, hakuna kuvunja kitu, jua halichwi, kila saa ni asubuhi. Bi Mwanatatu alikuja akachungulia nyuma ya bega lake.

"Pazia liwapi?" akauliza. "Mgeni akiwa barazani aone mpaka chumbani?"

"Mama, huku hakuna chumbani."

"Kila nyumba ina chumbani."

Waridi akatundika pazia.

Sheria ya mwisho ndiyo aliyoipenda zaidi. Mgeni akifika anasimama kwenye daka, anaandika hodi. Wa ndani anamjibu karibu, na mlango unafunguka wenyewe. Asipojibiwa atabisha ya pili, na ya tatu. Hodi ikishafika tatu bila jibu, muungwana hageuki kuwa mwizi, huondoka. Kwa hivyo seva nayo, hodi ya tatu ikipita kimya, humrudisha mgeni alikotoka kwa maneno ya adabu. Tena karibu lazima itoke kwa mwenyeji. Mgeni hamkaribishi mgeni mwenziwe katika nyumba ya watu. Waridi alimwumba mwenyeji huyo, mwanamke wa leso mbili, akamweka ndani. Akajaribu kwa simu mbili, moja ndani ikiwa mwenyeji na nyingine nje ikiwa mgeni. Hodi, karibu, mlango wazi. Hodi, karibu, mlango wazi. Ilikuwa inapendeza wallahi, alijaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumapili ikafika. Wakristo walikuwa wametoka kanisani, Waislamu wameswali alasiri, hakuna wa kusingizia ibada. Waridi akaizima seva akaiwasha upya ili iwe safi. Kisha akafanya jambo ambalo lilimwonekea la uungwana mno. Alijivua umiliki. Alisema ataingia kwa akaunti ya kawaida, abishe hodi pamoja na wageni wake, aone kile watakachokiona wao. Akatuma anwani kwenye kundi la WhatsApp, na maneno: "Karibuni nyote Ng'ambo Tatu."

Walikuja, ah, walikuja! Daka likajaa, baraza zikajaa, mpaka wengine wakawa wamesimama juu ya vichwa vya wenzao, mambo ambayo mchezoni yanawezekana. Waridi akaandika hodi yake, moyo unamdunda kwa raha.

Kimya. Akabisha ya pili, kimya vilevile, na ya tatu. Halafu kioo kikawa cheusi na maneno yakatokea, maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe kwa mkono wake: "Wenyewe hawapo. Rudi wakati mwingine, inshallah."

Kundi la WhatsApp likawaka. Wenyewe wamekwenda wapi? Mbona tunaalikwa halafu hakuna mtu? Dada Waridi, kwani ni matanga au ni harusi? Mmoja alisema amerudishwa mara nne na ameanza kuona haya.

Waridi alipapatika. Alitazama kompyuta inayowapokea wanaoingia kwa ile anwani moja, iko sawa. Akatazama nafasi ya seva, ipo tele. Akatazama neno la siri linalofanya mlango mkuu na ukumbi viaminiane, ni lilelile. Simu ikalia, Mbeyu.

"Dadangu, watu wangu wanarudishwa wote, hata mimi nimerudishwa. Kuna nini?"

"Sijui Mbeyu. Wallahi sijui."

Kabla hajaikata ikaingia ya Gedion, na nyuma yake vyuma vinagongana.

"Madam, hii mlango imetushinda. Toa."

"Gedion, ngoja kidogo niangalie."

"Unaangalia nini? Mtu anataka kucheza, si kuoa. Toa hiyo mlango watu waingie tu. Nakupa mpaka chai yangu iishe, halafu nawaita wasee wangu nyumbani."

Waridi akakaa chini. Akafungua pale ambapo seva huandika kila linalotokea, akasoma. Jina, hodi. Jina jingine, hodi. Hodi, hodi, hodi, majina ya watu wa pande zote tatu, na jina lake yeye katikati yao anabisha kama wengine. Alisoma mpaka chini akitafuta karibu hata moja. Hapakuwa na karibu. Hapakuwa na mtu ndani wa kuisema! Kila alipojaribu alianza kwa kumweka mwenyeji ndani, kisha ndipo akabisha, hata haikumpitia akilini kwamba nyumba yaweza kuwa tupu. Leo alipoiwasha upya mwenyeji aliondoka na usafi, na mwenye nyumba mwenyewe, kwa ustaarabu wake mwingi, alikuwa nje kwenye daka anabisha hodi nyumbani kwake.

Alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akapiga meza, na Bi Mwanatatu akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani mtoto ameingiwa na kitu.

"Wateka nini weye?"

"Nimealika watu, mama, nikasahau kukaa nyumbani."

Dawa nyepesi ilikuwepo. Angefuta mstari mmoja tu na mlango ungebaki wazi kwa kila mtu, kama stendi ya basi. Mbeyu naye alishamwandikia kumsihi: "Nyumba njema si mlango, dadangu. Fungua waingie, Gedion asituponyoke." Waridi aliupeleka mkono mpaka kwenye mstari ule. Alijua chai ya fundi hainywewi polepole. Lakini akafikiria watu wanaingia kwake wakipita tu, hakuna anayemsalimu wala anayesalimiwa, moja kwa moja kwenye malori, na moyo ukakataa. Watu wa namna hiyo huko ughaibuni wako tele, kwake angewaita waje kufanya nini? Akaurudisha mkono. Akarudisha umiliki wake, akaingia ndani kwa jina la mwenyeji, akaandika kwenye kundi: "Wenyewe wamerudi. Samahani sana jamani. Bisheni tena."

Hodi ya kwanza ikaja, akajibu karibu, mlango ukafunguka. Ya pili, karibu. Watu wakaanza kumiminika kwenye sakafu ya hina na Waridi akawa anapiga karibu kama mtu anayetwanga. Furaha haikudumu hata pumzi moja. Waliotangulia walikimbilia mlango wa malori, wakaugonga, haufunguki. Gedion alikuwa amehamisha seva yake wiki iliyopita, na Waridi bado alikuwa na anwani yake ya zamani. Kuibadilisha ni kazi ya kompyuta nyingine, ile kuukuu ya kupokea watu wa anwani, iliyo kwenye kona ya chumba, na inataka macho yote mawili. Akiinuka hapa, mlango wa mbele utakosa wa kusema karibu, na watu watarudishwa upya. Asipoinuka, watu wa Gedion watakaa wakitazama mlango uliofungwa.

"Mama!"

"Abee."

"Njoo ukae hapa. Mtu akibisha hodi mwambie karibu. Si zaidi ya hapo."

Bi Mwanatatu aliweka mwiko, akafuta mikono kwenye leso, akaketi, akavaa miwani. Alikuwa anajua kuandika kwa kidole kimoja, wanawake wa msikitini walishamfundisha kwenye simu. Akatazama kioo na ule umati.

"Hawa wote ni wageni wetu?"

"Wote mama, wajibu!"

Waridi akaruka kwenye kona. Nyuma yake akawa anasikia kidole cha mamake, tok, tok, tok, polepole mno kuliko alivyotaka, lakini hakuwa na nafasi ya kugeuka. Aliisaka anwani mpya katika ujumbe wa zamani wa Gedion, akaiandika, akakosea tarakimu, akaiandika tena. Mlango wa malori ukafunguka. Akashusha pumzi, akampigia Gedion.

"Tayari! Malori yako wazi."

"Naona," alisema Gedion. "Iko wazi na hakuna mtu. Wasee wangu wako wapi?"

Waridi akageuka. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi pazia. Watu wamekaa sakafuni, barazani, wamejipanga ukutani, na hakuna hata mmoja anayekwenda mahali. Katikati yao mwanamke wa leso mbili, na maneno yanapanda kiooni moja moja kwa mwendo wa kidole kimoja.

"Karibu mwanangu. Wewe wa nani?"

"Wa Mtongwe bibi."

"Mtongwe kwa nani? Baba yako si yule mwenye duka la mkaa?"

"Ndiye bibi!"

"Nlijua. Msalimie. Haya pita, keti. Nani mwengine huyo?"

Kila aliyeingia aliulizwa, na kila aliyeulizwa alijibu, kisha akakaa kusikiliza atakavyoulizwa anayefuata. Binti mmoja wa Kisauni alikuwa ameingia akaambiwa jina lake zuri, akatoka nje akabisha tena ili aambiwe mara ya pili. Mbeyu mwenyewe alikuwa ameketi kando ya mlango wake wa tuktuk usio na mtu, anacheka kwa maandishi.

"Mama, nilikwambia useme karibu tu!"

"Karibu tu ndiyo nini? Mtu atoka kwao aje, mimi nimtazame kama ng'ombe?"

Kwenye simu Gedion alikuwa amesikia yote. "Madam, nakuja kuwatoa mimi mwenyewe," akasema, akakata.

Mchezo ulikuwa umeshika, milango yote inafunguka, halafu Gedion aondoke kwa sababu ya mdomo wa mamake! Waridi alitaka kumwondoa kwenye kiti, lakini Bi Mwanatatu si mtu wa kuondolewa kitini na shughuli haijaisha. Kwenye daka pakatokea mtu wa mavazi ya fundi, na kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kuingia, hata kwake yeye, akaandika.

"hodi"

"Karibu. Nani?"

"Gedion."

"Gedion yupi?"

"Wa Changamwe. Wa malori."

"Ndiye weye uliyetaka kung'oa mlango wangu? Nlikusikia simuni mpaka jikoni."

Waridi akajifunika uso kwa viganja. Alipochungulia kati ya vidole, jibu lilikuwa limeshakuja, fupi.

"Ndio mama. Pole."

"Si neno. Keti. Watoka wapi asili?"

"Kitale."

"Loo, mbali. Mamako yuko?"

"Yuko huko. Sijaenda siku nyingi."

"Na hapa akupikia nani?"

Wachezaji wake walikuwa wamemzunguka, watu waliomjua kwa kupiga kelele za kupanga vita, na hakuna aliyethubutu kutia utani.

"Najipikia. Mara nyingi ni chai na mkate."

"Mkate si chakula, mwanangu. Nna wali wa nazi na mchuzi wa papa u jikoni. Ndoo kwetu Timbwani ule."

Waridi alisimama nyuma ya kiti cha mamake. Huyu alikuja kuwachukua watu wake. Neno moja kutoka kwake na ukumbi ungebaki na sakafu nzuri isiyo na wa kuikanyaga. Yule fundi alisimama tu katikati ya maua ya hina, akageuka huku, akageuka kule, kama mtu anayetafuta pa kuweka mikono. Kisha akaketi.

Simu ya Waridi ikatetema mkononi mwake. Ujumbe ulikuwa wa Gedion, kwake peke yake.

"Mlango wacha ikae. Nikishuka feri, Timbwani ni kushoto ama kulia?"

Waridi aliusoma, akausoma tena, akapiga ukelele uliosikika mpaka kwa jirani.

"Mama! Mama, ongeza mchele!"